Mrejesho: Niliuliza kuhusu kuwa mkufunzi wa kupanda miamba

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kama kupanda vizuri kunatosha kumfanya mtu awe mkufunzi. Wengi mlinishauri nianze kama msaidizi wa mkufunzi mzoefu. Nilifuata ushauri, na sasa nasaidia vikundi vya wanafunzi kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate, Naivasha, huku Kenya.

Jibu ni kwamba haitoshi. Kazi kubwa ni kamba. Kabla mwanafunzi hajagusa mwamba, nalifuata kwa kidole fundo la nane, yaani fundo lenye umbo la tarakimu 8 linalomfunga kwenye kamba: kamba ziende sambamba, mkia ubaki mrefu, fundo lipite vitanzi vyote viwili vya hanesi, ile mikanda anayovaa kiunoni na mapajani. Kisha naibana karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, kuhakikisha imefunga, naye ananikagua mimi. Kule juu hatutegemei nanga moja, yaani sehemu moja tu ya kushikizia kamba kwenye mwamba. Ya kwanza ikiachia, ya pili inashika.

Kigumu zaidi ni mtu akiganda katikati ya Fischer's Tower, mnara wa mwamba ulioko Hell's Gate. Kupiga kelele hakusaidii. Unamwambia taratibu, "Mguu wa kulia, kuna pa kukanyaga usawa wa goti," halafu unamsubiri.

Malipo ni ya kutwa, na mvua ikinyesha hakuna kazi. Mafunzo ya huduma ya kwanza namalizia, ya uokoaji kwa kamba yanafuata. Asanteni sana.