GG: aliyeshinda ana haki ya kuiandika kwanza?

MlinziWaLango
Wakuu, nisaidieni. Jana usiku nimefungwa tano bila kwenye eFootball, gemu ya mpira. Sijaweka hata simu chini, jamaa keshaandika GG kwenye grupu letu la mechi, watu wote wanaona. GG ni "mchezo mzuri" kwa Kiingereza cha kufupisha, hilo najua. Lakini nilivyofundishwa, ilianzia kwa Wakorea wa StarCraft, gemu ya vita ya kompyuta, na anayeanza kuiandika ni aliyefungwa. Mshindi akiitangulia ni dharau. Nani anapinga?

Mzee_wa_Kebo
Napinga asili tu. Quake, gemu ya kupigana risasi ya kompyuta, ilitoka 1996, StarCraft 1998. Wazungu wa Quake walikuwa wakiandikiana GG kabla Mkorea hajaigusa. Kilichofanyika Korea ni kuipa uzito: kwenye ligi zao ukiandika GG umesalimu amri, mechi imekwisha hata kama nusu ya majeshi yako bado yapo. Imeingia mpaka kwenye mazungumzo ya mtaani, mtu akikata tamaa na jambo wanasema amepiga "jiji". Sasa mshindi kuianza ni sawa na bondia kurusha ulingoni taulo la mpinzani wake. Shida ni nyinyi watoto wa gemu za simu, mmeokota herufi mkaacha adabu zake.

BintiWaNyali
"Watoto wa gemu za simu"? Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapo umenikosea. Mimi nacheza PUBG ya simu, gemu ya kupigana risasi, tangu ilipotoka 2018 na sijawahi kumtukana mtu. Hiyo simu unayoidharau imetoa medali kwenye Michezo ya Asia kule Hangzhou, China, 2022. Kompyuta yako ya kebo imekupa nini?

Mzee_wa_Kebo
2023, dada. Iliahirishwa kwa sababu ya korona. Na kwenye simu programu yenyewe inakusaidia kulenga, kidole kinasogea kidogo tu risasi imefika. Huo si ustadi.

BintiWaNyali
Mwaka umeurekebisha, medali umeiruka.

Pedi_Temeke
Mzee, msaada wa kulenga upo hata kwenye pedi za kuchezea za PlayStation, usiwasingizie wa simu peke yao. Na kompyuta ya gemu unayoisifia, kwa bei yake mtu anafungua genge na kulijaza nyanya. Sisi tumekulia kwenye mabanda ya gemu, unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzako pedi. Hakuna aliyetufundisha GG na heshima ilikuwepo. Ukimdhalilisha mtu, banda zima linakuzomea.

Mzee_wa_Kebo
Banda na heshima wapi na wapi! Mabanda ndiyo yaliyozalisha matusi yote haya.

Pedi_Temeke
Kwetu mwenye banda alikuwa mama mtu mzima, ukitukana unatolewa nje na hela yako hairudi. Usiseme usichokijua, mkuu. Nimeudhika kweli.

MlinziWaLango
Wadau, mada ni GG jamani.

Tano_Bila
Mimi ndiye niliyemfunga mleta mada. Kaka, umenileta huku kunishtaki? GG niliiandika kwa moyo safi. Kipindi cha kwanza ulinibana, kipa wangu ndiye aliyeniokoa. Ulitaka niandike nini, pole? Ningekaa kimya ungesema naringa.

MlinziWaLango
Ungesubiri niandike mimi. Ni hilo tu. Dakika mbili.

Tano_Bila
Mara ya mwisho nilipokufunga hukuandika chochote, ukatoka kwenye grupu.

mchambuzi_254
Ngojeni, mnachanganya vitu viwili. Tusi halisi ni "gg ez", yaani mchezo mzuri, ulikuwa mwepesi. Overwatch, gemu nyingine ya risasi, ilipotoka 2016, watengenezaji wake Blizzard waliikomesha kwa akili: ukiiandika, mfumo unaibadilisha na sentensi ya kitoto, kwa mfano kwamba umepitiliza saa ya kulala na usisemewe kwa mama. GG tupu haikuguswa. Kwa hiyo Tano_Bila hana kosa. Na kuhusu aliyefungwa kuanza, hiyo ni desturi ya StarCraft, ambako mchezaji ndiye anayeamua mechi imekwisha. Mpira una kipenga. Kikishalia, yeyote aandike.

Mzee_wa_Kebo
Hoja ya kipenga naikubali. Ya simu bado.

BintiWaNyali
Bado? Basi weka siku. PUBG, wewe na kompyuta yako, mimi na simu yangu.

mchambuzi_254
Haiwezekani, dada. Za simu na za kompyuta ni gemu mbili tofauti, hamuwezi kukutana.

Pedi_Temeke
Basi waje Temeke wote wawili, pedi kwa pedi. Na Mzee aombe radhi kwanza kwa lile la mabanda.

MlinziWaLango
Tano_Bila, marudiano leo saa tatu usiku. Nikishinda nakaa kimya mpaka uandike wewe.