Naomba ushauri: nitaufahamuje mji na mitaa yake kabla sijahamia?

Mhamaji Mtarajiwa
Ndugu wanajukwaa, salamu. Nimepata kazi katika mji ambao sijawahi kuishi, na ninatakiwa kuripoti baada ya wiki sita. Nilipita huko mara moja tu, miaka mingi iliyopita, nikiwa safarini, na ninachokumbuka ni kituo cha mabasi na jua kali. Ningependa kujua mtu afanyeje ili auelewe mji akiwa mbali: mtaa upi unaifaa familia yenye watoto wawili, upi una kelele, upi umepandishiwa bei kwa sifa tu, na soko la nyumba kwa jumla linasomwaje. Nimekesha wiki mbili nikitazama ramani na matangazo ya nyumba, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Naomba msaada wenu, kwa sababu hata usingizi umenipungua.

Mzee wa Baraza
Karibu, mwanangu. Ramani haina pua wala masikio. Nenda mwenyewe, na uende mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi watu wanapotoka, usiku baada ya saa tatu, na mara tu mvua kubwa inapokatika. Asubuhi utaiona foleni, usiku utajua ni nani wanaoushika mtaa, na baada ya mvua utayaona maji yanakokimbilia. Usimsikilize dalali peke yake. Mtafute fundi bomba anayefanya kazi maeneo hayo umnunulie kinywaji, kwa kuwa fundi bomba huzijua nyumba kwa magonjwa yake kama daktari anavyowajua wagonjwa wake.

Mhasibu Mstaafu
Nitajibu upande wa fedha. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji, si bei ya soko. Tafuta nyumba zilizouzwa kweli katika mwaka uliopita, kisha uangalie bei ya katikati, yaani ile inayozigawa nyumba hizo nusu kwa nusu, wala si wastani, kwa sababu jumba moja la tajiri linatosha kuupandisha wastani wa mtaa mzima. Tazama pia tangazo limekaa muda gani: nyumba ambayo wenzake zinanunuliwa ndani ya mwezi na yenyewe ina miezi minane ina jambo.

Halafu ugawe bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba inayofanana nayo. Kipimo ambacho wengi hukitumia ni kwamba jibu likiwa 15 au chini ya hapo, kununua huwa na maana. Likizidi 20, kwa kawaida mpangaji ana nafuu. Wala usiusahau mkopo. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, unaolipwa kwa marejesho sawa ya kila mwezi, humfanya mtu alipe takriban mara 2.3 ya fedha alizokopa. Kwa hiyo nina swali ambalo hukulijibu: unapanga au unanunua?

Kandambili
Mimi nilihamia nyumba yangu siku ya Jumapili, mtaa umetulia kama maktaba, nikamwambia mke wangu kwamba hatimaye tumeupata utulivu. Jumatatu alfajiri nikagundua kwamba ukuta wetu wa nyuma unapakana na karakana ya kukata vyuma. Nilipomuuliza mwenye nyumba kwa nini hakuniambia, akanijibu kwamba sikuuliza. Tulikaa pale miaka minne, na mtoto wetu wa kwanza alijifunza kuiga mlio wa msumeno kabla hajasema "baba".

Mwalimu wa Jiografia
Uliza upepo unavuma kutoka wapi, na viwanda, madampo au mitambo ya majitaka viko upande gani. Si jambo dogo. Katika miji mingi ya Uingereza iliyokua kwa viwanda vya makaa ya mawe katika karne ya 19, upepo wa magharibi uliupeleka moshi mashariki, wenye uwezo wakajitenga nao, na athari ya mgawanyiko huo wa mitaa ingali inaonekana katika baadhi ya miji hata baada ya moshi wenyewe kutoweka. Na umbali usiupime kwa kilomita. Mwaka 1994 mtafiti Cesare Marchetti aliandika kwamba watu, wawe wa kijiji au wa jiji, wawe wanatembea au wanapanda treni, hutumia takriban saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Ukizidisha sana hapo, hata nyumba iwe nzuri vipi, utaichukia njia kwanza, kisha utaichukia nyumba. Pima dakika kwa saa ileile utakayosafiri, usipime saa nane mchana barabara zikiwa tupu.

Mhasibu Mstaafu
Ndugu Mhamaji, naona umepita na kuwashukuru wenzangu wote kwa alama, ila swali langu umeliruka. Unapanga au unanunua? Ushauri wa mpangaji na wa mnunuzi ni vitu viwili tofauti kabisa, na hatuwezi kuendelea kupapasa gizani.

Mhamaji Mtarajiwa
Samahani, mkuu, sikukusudia kuficha. Ninanunua. Kusema kweli ipo nyumba moja ambayo nimekwisha kuitolea arbuni wiki iliyopita, asilimia 10 ya bei, na kwa mujibu wa karatasi tuliyosaini arbuni hiyo hairudishwi iwapo mimi ndiye nitakayejitoa. Sijafika kwenye nyumba hiyo, lakini dalali alinipigia simu ya video akanizungusha vyumba vyote.

Kabla hamjanishambulia, naomba niielezee, kwa sababu si nyumba ya kubahatisha. Iko katika mtaa tulivu karibu na mto, ina miti, na ni mwendo wa dakika kumi na mbili tu kwa miguu hadi nitakakofanya kazi. Imepakwa rangi mpya. Sakafu yote ni vigae, na hata sebuleni vigae vimepanda ukutani hadi usawa wa kiuno, kwa hiyo watoto wakichafua unafuta tu. Soketi za umeme zimewekwa juu, usawa wa kifua, ili watoto wasizifikie. Nilipoziona nikajua kwamba aliyejenga alikuwa mzazi. Bei yake iko chini ya nyumba zinazofanana nayo kwa karibu robo, na dalali alisema walikuwapo wateja wengine wawili. Mke wangu bado hajaambiwa, kwani ninataka iwe zawadi.

Mama Wawili
Mdogo wangu, zawadi ni kitenge. Nyumba si zawadi, nyumba ni maisha ya mtu. Huyo mwenzako ndiye atakayejua kama jikoni kuna mwanga na kama mtoto anaweza kuvuka barabara, na wewe umemnunulia mahali pa kuishi kama mtu anayemchagulia mwenzake kiatu bila kumwuliza namba. Mwambie leo, kabla hata ya kusoma jibu linalofuata.

Mzee wa Baraza
Hilo la mke nakuachia wewe na yeye. Mimi nauliza: umekwenda, au umemtuma wakili, kwenye ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba anayeuza ndiye mmiliki, na kwamba nyumba haijawekwa rehani? Na wale wateja wawili, uliwasikia kwa masikio yako au ulisimuliwa?

Mhamaji Mtarajiwa
Nashukuru kwa wote, ila naona mnanichukulia kama mtoto. Nakala ya hati niliiona kwenye simu. Kupanga kwanza ni kumlipia mtu mwingine mkopo wake, na kuhamisha watoto shule mara mbili katika mwaka mmoja ni gharama ambayo mhasibu wetu hakuiweka kwenye hesabu. Tena, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilichouliza ni namna ya kuufahamu mji, sikuuliza kama ninunue.

Mhasibu Mstaafu
Gharama ya kuhamisha watoto naikubali, umenikamata. Lakini hoja ya kwamba mpangaji anamlipia mwenye nyumba mkopo haina uzito, kwa kuwa wewe nawe utailipa benki riba, na riba hiyo hairudi. Arbuni uliyokwisha kuitoa usiipige hesabu katika uamuzi wa kesho. Swali lililobaki ni kama utaongeza nyingine tisini juu ya zile kumi.

Jicho la Tatu
Samahani, wakuu, nawasoma tangu asubuhi na nadhani tunachezewa. Mtu aliyeanza kwa kusema kwamba haujui mji na kwamba anachokumbuka ni kituo cha mabasi, ghafla ana nyumba yenye miti, mto, rangi mpya, vigae na dakika kumi na mbili hadi kazini. Hiyo si shida, hilo ni tangazo. Bei iko chini kwa robo, wateja wawili wanasubiri, mke anaandaliwa zawadi: maneno yote ya dalali yamo, kasoro namba ya simu tu. Kesho atatokea mwanachama mpya aseme, "Ndugu, wewe ukishindwa naomba uniunganishe na huyo dalali," na uzi utakuwa umetimiza kazi yake. Ushahidi mwingine ni wiki zenyewe. Anasema alikesha wiki mbili akitafuta na hajui mtaa upi unafaa, na papo hapo wiki iliyopita alikwisha kulipa.

Kandambili
Mimi sasa najuta kueleza habari za mtoto wangu na msumeno kwa mtu ambaye huenda hayupo.

Mama Wawili
Hata kama mume ni wa kutunga, wake wa kufichwa wapo wengi na wanasoma hapa. Ushauri wangu ubaki.

Mhamaji Mtarajiwa
Mimi si dalali. Nimekesha wiki mbili, na katikati ya wiki hizo nikalipa, kwa sababu nilichoka na niliogopa kwamba nyumba itachukuliwa. Baada ya kulipa ndipo usingizi ulipokatika kabisa. Sikulisema hilo mwanzoni kwa kuwa nilijua mtakavyonijibu. Risiti ina majina ya watu, siwezi kuiweka hapa.

Fundi Umeme wa Zamani
Nilikuwa msomaji tu, lakini naomba niseme neno, kwa sababu nadhani Jicho la Tatu amekosea na kukosea kwake ni habari mbaya kwa mwenye uzi. Anayetunga tangazo asingezitaja soketi zile. Nimefunga umeme majumbani kwa miaka mingi, na soketi ya kawaida huwekwa sentimita 30 hadi 45 kutoka sakafuni. Anayewalinda watoto hununua soketi zenye vifuniko vya ndani au huziba matundu kwa plastiki, kwa bei ya kutupa. Hachimbui kuta za nyumba nzima ili kuzipandisha kifuani, mahali ambapo hata kuchomeka pasi ni kero. Nimezipandisha soketi hivyo katika nyumba za aina moja tu, nazo ni zile ambazo maji yamekwisha kuingia na mwenyewe anajua kwamba yatarudi. Vigae vya sebuleni vilivyopanda hadi kiuno ni kazi ya namna hiyohiyo, kwani vigae unaviosha tope, wakati plasta hulowa na kutoa chumvi nyeupe miezi kadhaa baadaye. Rangi mpya nayo imekuja kuufunika mstari ulioachwa na maji ukutani. Mtaa uko karibu na mto, na bei iko chini kwa robo. Mimi sikuijua nyumba hiyo mpaka leo, lakini nimekwisha kuiona.

Mhasibu Mstaafu
Fundi amenifungua macho, maana ile robo nilidhani ni haraka ya muuzaji. Watu husikia "mafuriko ya mara moja katika miaka 100" wakadhani yatawakuta wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na katika miaka 20 ya mkopo uwezekano wa kukutwa nayo angalau mara moja ni kama asilimia 18. Yakiwa ya mara moja katika miaka 50, unakuwa asilimia 33. Ndugu Mhamaji, ipigie kampuni ya bima leo, uitajie anwani, uombe gharama ya kuikinga nyumba hiyo na maji. Hata kama hununui bima, sikiliza wanavyosita kabla ya kujibu. Kisha umwulize muuzaji kwa maandishi kama maji yamewahi kuingia ndani, na wakili akuambie kama jibu la uongo, au ukimya, vinakupa njia ya kudai arbuni.

Kandambili
Ulisema maji umeyavulia nguo. Sasa utayaogea sebuleni.

Jicho la Tatu
Ikiwa ni kweli, nitaomba radhi. Mtume mtu akapige picha za nje, si za ndani.

Mhamaji Mtarajiwa
Nimesoma maneno ya fundi mara tano. Jana jioni nilimwomba mtu mmoja wa kitengo nitakachokwenda kufanya kazi, ambaye tumewasiliana kwa barua pepe tu, apite pale akitoka kazini. Simu yake ya kuuliza njia aliipokea mke wangu, kwa hiyo jambo la zawadi limekwisha, na sitaeleza tulivyozungumza.

Picha zimefika leo asubuhi. Mbele ya mlango kuna kizuizi cha saruji kinachokatiza kizingiti chote, ambacho nilikiona kwenye video nikadhani ni kibaraza cha kukalia jioni. Amekipima kwa rula akapata sentimita 42. Nyumba zote nne za safu hiyo zina vibaraza vya namna hiyo.