Kuyumba baada ya kiharusi: uchochezi wa sumaku au wa umeme?

Kitindamimba: Wanajamvi, baba alipata kiharusi. Mkono umerudi vizuri, ila akisimama anaelemea upande mmoja. Tumeambiwa ubongo unaweza kuchochewa bila upasuaji, kwa sumaku au kwa umeme mdogo. Ipi inafaa zaidi?

Fizio_Mkongwe: Pole, mwanangu. Koili ya sumaku, yaani waya uliozungushwa unaoshikwa juu ya kichwa, huamsha umeme ndani ya ubongo wenyewe, hadi seli za neva zikafyatuka. Njia ya umeme hupitisha mkondo dhaifu, miliampia 1 hadi 2 kwa dakika kama 20, kupitia sponji zenye maji ya chumvi. Mkondo huo haufyatui seli, huziweka tayari kuitikia, kwa hiyo bila mazoezi sioni faida yake. Mimi ningeanza na sumaku.

Lakini ulizeni italengwa wapi! Sehemu inayoongoza mguu imejificha katikati ya nusu mbili za ubongo, na koili ya kawaida huifikia kwa shida. Kwa anayeyumba nina imani zaidi na ubongo mdogo, ule wa kisogoni. Mwaka 2019 watafiti wa Italia walichapisha jaribio la wagonjwa 36. Waliochochewa hapo kwa wiki 3, pamoja na mazoezi, walisimama imara kuliko waliopewa uchochezi wa bandia.

Subira_K: Kaka Fizio, hapo tunatofautiana. Kwenye sumaku mgonjwa hukaa tuli. Kifaa cha umeme mume wangu alikivaa huku akifanya mazoezi ya kusimama, tena kinabebeka. Kwa mtu anayechoka haraka, hilo ni jambo kubwa.

Fizio_Mkongwe: Ni kweli, dada. Ila kwa upande wa kuyumba, matokeo ya tafiti za umeme yanapishana sana. Yoyote mtakayochagua, baba apimwe kwa kipimo cha Berg, kinachopima uwezo wa kusimama bila kuyumba, kabla na baada: vitendo 14, jumla alama 56.

Nesi_wa_Zamu: Kabla ya yote: ana chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au betri ya moyo? Amewahi kupata kifafa? Sumaku inaweza kukiamsha, ingawa ni nadra. Umeme kwa kawaida huwasha ngozi tu, lakini sponji ikikauka inaunguza. Msijaribu kujiundia kifaa nyumbani.

Kitindamimba: Asanteni sana. Wiki ile ya kwanza wodini alipata kifafa mara moja.

Nesi_wa_Zamu: Basi daktari alijue hilo kabla koili haijawashwa. Mpelekee na orodha ya dawa zake zote, maana zipo zinazoongeza hatari hiyo.