Tumbo la kitoto cha paka linaunguruma usiku kucha na anaharisha, naombeni ushauri

Mama Nasra (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Leo ni usiku wa tatu silali vizuri.

Wiki mbili zilizopita binti yangu aliokota kitoto cha paka chini ya meza ya muuza mboga hapa Chumbageni, Tanga. Mvua ilikuwa inanyesha na mama yake hakuonekana, nikakubali aingie ndani. Meno ya mbele yameshatoka na anakimbia vizuri, nakadiria ana wiki sita au saba. Tumemwita Kashata.

Shida ni tumbo. Ukimlaza mapajani unasikia mngurumo, kisha kama maji yanayomiminwa kwenye chupa, kisha kimya, halafu linaanza tena. Binti yangu alimwekea sikio akaniambia, "Mama, ana chura humu ndani." Mwanzoni nilidhani ni ule mkoromo wa raha wa paka akipapaswa, lakini huu unatoka chini kabisa, hata akiwa amelala fofofo. Tangu juzi anaharisha choo cha njano chenye povu, mara nne tano kwa siku. Tumbo limejaa kama puto huku mbavu zinahesabika.

Chakula chake: maziwa ya ng'ombe niliyochemsha mwenyewe, kikombe cha kahawa asubuhi na kingine jioni. Mchana ugali laini na mchuzi wa dagaa. Bado anacheza, ila leo amelala kuliko kawaida. Binti yangu ameshamzoea mno. Nawasilisha.

Kisiki

Pole sana dada. Jirani yangu alimsagia wake robo kidonge cha parasetamoli kwenye maji, akatulia. Jaribu.

Mganga wa Mifugo

Mama Nasra, kabla ya yote: usimpe parasetamoli, hata chembe. Kisiki, najua nia yako ni njema, lakini paka niliowaona wakifa kwa dawa hii waliletwa na watu wanaowapenda. Ini la paka haliwezi kuivunja kama letu. Sumu inabaki mwilini, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima, sembuse huyo.

Sasa tumbo. Mlio wenyewe si ugonjwa. Utumbo hujikaza na kujiachia ili kusukuma chakula, na ndani yake mna maji na hewa. Vinapopita ndipo unasikia. Paka mwenye njaa tumbo humlia, aliyekula kwa pupa akameza hewa humlia pia. Ndiyo maana ukija kwangu sikuulizi sana linaliaje, nakuuliza linalia pamoja na nini. La Kashata linalia pamoja na kuharisha, povu, tumbo kubwa na mbavu nje. Nashuku mambo mawili.

La kwanza ni maziwa. Kitoto cha paka kikianza kuachishwa ziwa, kuanzia kama wiki ya nne, uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa unapungua. Sukari hiyo inateremka bila kumeng'enywa, inavuta maji, na bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha kama unavyochacha unga wa maandazi. Chura wa binti yako ni hiyo gesi na hayo maji. Simamisha maziwa leo. Mchemshie kidari cha kuku bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu (vitunguu ni sumu kwa paka), mchambue nyuzinyuzi na umpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Maji safi yawepo muda wote.

La pili ni minyoo. Watoto wa paka huipata kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata asiyewahi kukanyaga nje anaweza kuwa nayo. Dawa huanza akiwa na wiki mbili au tatu, inarudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Ila usinunue dawa ya mbuzi ukakadiria kwa macho. Kipimo kinafuata uzito, na huyo ni mdogo mno kukosewa.

Mama Nasra

Asante sana daktari, maziwa nimemwaga. Nitajuaje kama amepungukiwa maji?

Mganga wa Mifugo

Vuta ngozi ya juu ya mabega, uiachie. Ikirudi polepole, amepungukiwa. Gusa fizi: ziwe za waridi na zenye unyevu, zisinate kidole. Akikataa kula, akitapika, choo kikiwa na damu, au ukimshika ukahisi mwili wa baridi, usingoje kesho. Kuna ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika ambao huua watoto wa paka ndani ya siku chache. Kinga yake ni chanjo inayoanza wiki ya sita hadi ya nane. Mwone daktari wa mifugo hapo Tanga hata kama ataamka mchangamfu. Na binti anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza kucheza naye, minyoo hiyo huwapata na watoto wetu.

Fundi wa Kuze

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi cherehani na nina paka watatu. Mwaka jana mmoja alitapika siku nzima, na tumbo lake, ambalo huunguruma kila magharibi akisubiri samaki, likawa kimya kabisa. Nilipomfungua mdomo nikaona uzi umejizungusha chini ya ulimi. Nilitaka kuuvuta, nikampigia daktari kwanza. Akanikataza, maana uzi ukivutwa unaweza kukata utumbo kama msumeno. Alipasuliwa, akapona. Tangu siku ile nyuzi zangu zote zakaa kwenye kopo la kifuniko, na kimya cha tumbo chanitisha kuliko mlio.

Mama Nasra: MREJESHO

Wakuu, leo siku ya kumi. Asubuhi ile ile nilimpeleka. Gramu 560 tu kwenye mizani. Ngozi ilirudi polepole, kwa hiyo daktari alimwekea maji chini ya ngozi ya mgongo, pakainuka kinundu kama cha ng'ombe. Binti yangu alilia, lakini hadi jioni kilikuwa kimenywea. Choo kilipimwa kwa hadubini, yakaonekana mayai ya minyoo. Akapewa dawa ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kesho yake nilikuta kwenye sanduku la mchanga minyoo minne mirefu, myeupe kama tambi.

Kuharisha kulikoma siku ya nne. Sasa anakula kuku, na nimeanza kumchanganyia chakula cha vitoto vya paka cha dukani, naongeza kidogo kila siku, kwa sababu daktari alisema kuku peke yake hatoshi kujenga mifupa. Jana amefika gramu 690. Dozi ya pili ni Jumamosi, na chanjo ataanza siku hiyo hiyo akiwa bado vizuri.

Tumbo bado linalia kidogo alfajiri, kabla ya kula. Nikimwekea sahani linanyamaza.