Wiki 3 nafunga vifurushi vya Rust, halafu mtu ananiambia "si watumie rustup tu?"

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mkaguzi wa vifurushi ambaye hata ukimpa shikamoo anakujibu kwa kiungo cha mwongozo.

Kwa wageni: Rust ni lugha ya kuandikia programu, na rustup ni programu ya kuishusha moja kwa moja kutoka mtandaoni, bila kupitia ghala. Nimefunga vifaa vyake, cargo (ya kujengea miradi), rustfmt (ya kupanga msimbo) na clippy (ya kukagua makosa), ziingie kwenye ghala la vifurushi la distro yetu, yaani Linux tunayotumia. Ghalani kuna Rust 1.63, ya mwaka 2022. Mimi nilitaka 1.85. Sasa Rust hujengwa kwa Rust: ukitaka 1.64 uwe na 1.63, ukitaka 1.65 uwe na 1.64. Nimepanda ngazi hiyo kidato kwa kidato! Na mashine za kujengea haziruhusiwi kugusa mtandao, kwa hiyo kila kreti (maktaba ya Rust) inayotegemewa nimeishusha mwenyewe na kusoma leseni yake. Feni ya laptopu ililia usiku kucha kama mashine ya kusaga mpaka jirani akagonga ukuta. Umeme ukakatika LLVM, injini ambayo Rust huitumia kutafsiri msimbo, ikiwa imebaki kidogo kumaliza kujengwa. Nikaanza upya.

Jana saa tano usiku nikatuma. Leo asubuhi nafungua, nakuta mkaguzi kaweka "Imefungwa", yaani kazi imekataliwa, na chini yake: "Si watumie rustup tu?"

Si watumie rustup tu! Hajafungua hata faili moja. Na alama ya kuuliza kaweka, kana kwamba ni mimi ninayedaiwa jibu.

Rustup naijua. Lakini nina darasa la kompyuta 20, na kwa rustup kila mtu anashusha vyake kwenye folda yake, mamia ya MB mara 20, kwa bando langu. Kifurushi kikiwa ghalani nakishusha mara moja, nakiweka kwenye seva ya darasani, wote wanachota hapo. Wiki iliyopita binti mmoja kachukua mradi mpya, cargo ya zamani ikamwambia haielewi Cargo.lock (faili yenye orodha ya kreti za mradi) ya toleo la 4. Akaniita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nimeharibu kompyuta?" Hajaharibu kitu! Kwa ajili yake nilikesha. Halafu mtu anapiga miayo, anaandika maneno manne.

Kobe wa Terminali: Pole sana mkuu. Huyo huyo alinirudishia kazi ya mwezi mzima kisa nafasi tupu mwishoni mwa mstari.

Mama Seva: Pole, ila nawe, LLVM kwenye laptopu? Hiyo ni kupakia tembo kwenye bodaboda. Ungetumia LLVM iliyoko ghalani.

Mleta uzi: Ya ghalani ni ya zamani, Rust 1.85 haiikubali. Na hoja siyo hiyo. Hoja ni "si watumie rustup tu?"

Chatu Mpole: Watu wa Rust mnadeka. Njooni kwetu Python. Naandika pip install niweke kifurushi, naambiwa externally-managed-environment (yaani mfumo ndio unaosimamia), tengeneza venv (chumba cha pembeni cha mradi). Natengeneza venv, naambiwa python3-venv ni kifurushi kingine. Sufuria duka hili, mfuniko duka la pili!

Nodi254: Na npm, ya kushushia vifurushi vya JavaScript, je? Niliiomba peke yake ghalani kwa apt, ikaja na ukoo mzima wa node-hiki na node-kile, mamia, hadi mashemeji.

Chatu Mpole: Yako angalau imekuja.

Kijana wa Buza: Vifurushi kweli wamezidi. Juzi nimeunga GB 1 ya wiki, siku ya pili imekwisha na sijafungua hata video moja.

Kobe wa Terminali: Mkuu, hapa ni vifurushi vya Linux.

Kijana wa Buza: Linux ni mtandao gani huo? Wanatoa GB ngapi?

Mama Seva: Ya wiki achana nayo mwanangu, unga ya usiku. Mimi masasisho yote nayashusha saa nane, watu wamelala.

Nodi254: Ya usiku kwetu waliipunguza. Unaamka saa nane, unapata imeisha saa nane na robo.

Mleta uzi: Wakuu, mtu kafunga kazi ya wiki tatu bila kuisoma! "Si watumie rustup tu?"

Kijana wa Buza: Mama Seva, hiyo ya usiku unaungaje?