Samaki klauni mkubwa ndiye mzee? Mnunuzi anataka kunipunja

mwana_malindi:
Habarini wadau, naombeni ushauri wa haraka. Niko Malindi naangalia nyumba ya Mtaliano mmoja karudi kwao, kaniachia tangi la maji chumvi na samaki klauni wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu meupe. Mmoja kama kidole cha kati hivi, mwenzake nusu yake. Sasa bosi kasema niwauze, kaja jamaa wa Watamu akawaangaliaaa mwisho anasema huyu mkubwa keshakula chumvi nyingi, mwaka haumalizi, kwa hivyo atanunua mdogo na huyu mkubwa nimpe bure. Mimi samaki najua wa kukaanga tu 😂 umri wao unajulikanaje? na wanaishi miaka mingapi kwani?

pwani_akwa:
Huyo anakupiga mchana kweupe. Klauni humjui umri kwa ukubwa hata kidogo. Hao ni mke na mume, mkubwa ndo mke. Wote huanza madume, halafu anayetawala anageuka jike, na aliye chini yake anajizuia kukua asije akamkaribia mkubwa, maana akimkaribia anafukuzwa au anauawa kabisa. Kwa hivyo huyo "mtoto" anaweza kuwa rika moja na mkewe. Mkubwa akifa leo huyo mdogo atageuka jike na ataanza kukua, sasa tutasema kazeeka ghafla?

bahari_ya_lamu:
Salaam aleikum. Mimi mvuvi wa Lamu, sifugi, ila nawaona kwenye animoni, yule mnyama wa baharini kama ua mwenye mikono inayochoma, nikipiga mbizi. Hao wa mistari mitatu si wa huku kwetu. Wa huku kuna mwenye mwili wa kahawia nzito, mistari miwili na mkia mweupe, na kuna mwenye mstari mmoja tu mgongoni toka mdomoni hadi mkiani. Wako wametoka upande wa Indonesia na Australia huko, au wamezalishwa kwenye matangi, yaani kuna mtu aliwalipia. Muulize Mtaliano aliwanunua lini, ongeza miezi kadhaa ya kabla ya dukani, umri ndo huo.

mwana_malindi:
Shukran mzee wangu. Hakuna kipimo lakini?

pwani_akwa:
Kipo, ila utabaki huna samaki. Ndani ya kichwa ana kijiwe chenye pete wataalamu wanazihesabu kama za mti, lazima afe kwanza. Kuhusu miaka, kule Papua New Guinea watafiti walifuatilia ndugu zake wa karibu sana, wale percula, baharini huko huko, wakakadiria jike anaweza kufika miaka 30! Samaki wa kimo kile huwa hawafiki popote hapo, hawa animoni inawalinda. Kwenye tangi wengi wanakufa mapema kwa uzembe wetu lakini akitunzwa miaka 10 si ajabu na wako waliopita 20.

mama_tangi:
Mi naona mnabishania miaka bure, muangalie afya. Anakula? anapumua taratibu? Akiacha kula ghafla usikimbilie kusema uzee, pima maji kwanza, amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, iwe sifuri. Na maji yakipungua ongeza yasiyo na chumvi, watu wanaongeza ya bahari na chumvi inazidi kupanda maana inayokauka ni maji tu chumvi inabaki. Halafu wewe wa Malindi, kaskazi ikivuma tope la mto Sabaki linateremka hadi kwenu, maji ya rangi ya chai usichote ukamwagia samaki wa watu.

mwana_malindi:
Wadau, Mtaliano kajibu WhatsApp. Aliwanunua 2016 siku moja duka moja, walikuwa wadogo wote na walilingana!! Nimemwambia jamaa wa Watamu ni wawili kwa bei moja au aache, kanuna kaondoka.

pwani_akwa:
Mwache anune. Ukiwauza mbalimbali huyo dume atageuka, na hapo hata ukimletea yule yule mkewe watapigana.

mama_tangi:
Wanakula na wanataga?

mwana_malindi:
Kula wanakula mpaka kidole changu. Kuna vitu vya rangi ya chungwa vimeganda kwenye jiwe, mdogo anavipepea kutwa, nilikuwa nataka kuvisugua

mama_tangi:
USISUGUE!! Hayo mayai. Nitumie picha inbox na bei ya tangi zima, niko Kilifi.