Benki ya tishu za saratani: mgonjwa akisaini mara moja, yatosha?

Mtoa Hoja: Wakuu, wanaotaka kuanzisha benki ya tishu kwa utafiti wa saratani wanamsainisha mgonjwa mara moja tu, kisha kipande cha uvimbe wake kinatumika kwa tafiti zozote zijazo. Mimi sioni tatizo. Kile si takataka tu ya chumba cha upasuaji?

Kitindamimba: Takataka? Titi la mama yangu takataka? Fomu hiyo aliletewa jioni ya kuamkia upasuaji, dripu mkononi, mimi nikamshikia karatasi asaini. Rudia hilo neno.

Mtoa Hoja: Pole dada. Nilisema kitabibu.

Hadubini: Hata kitabibu umechemka. Uvimbe unalowekwa kwenye formalini, unagandishwa kwenye nta, unatunzwa miaka. Vipimo vikirudiwa, wanakata tena kwenye kipande hichohicho.

Mzee Kobe: Mmemsahau Henrietta Lacks, yule mgonjwa wa saratani? Miaka ya sitini, Wamarekani walichukua seli zake bila kumwuliza, wakatajirika.

Hadubini: Ni 1951, Johns Hopkins, saratani ya mlango wa kizazi. Familia ilikuja kumalizana na Thermo Fisher, kampuni iliyouza seli hizo, mwaka 2023.

Mzee Kobe: Ahsante mwalimu. Nimekosea mwaka, basi wizi umekuwa halali?

Hadubini: Nani kasema halali? Soma kwanza, mzee.

Popo Mchana: John Moore, mgonjwa mwingine wa Marekani, naye alidai chake kwa seli za wengu wake. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikasema daktari alipaswa kumweleza, ila seli si mali yake tena. Msitarajie mgawo.

Kitindamimba: Nani kaomba hela hapa?

Popo Mchana: Basi ogopeni majokofu. Chuo cha tiba cha Karolinska, Uswidi, siku chache kabla ya Krismasi 2023, naitrojeni ya kimiminika ya kugandisha sampuli ilikatika kwenye matangi. Sampuli za miongo zikaharibika. Ukisaini mara moja au mara kumi, zikiyeyuka zimeyeyuka.

Mtoa Hoja: Jamani, mada ni ridhaa.

Kitindamimba: Haya, ridhaa. Fomu ya mama ilikuwa na kisanduku cha kutaka kujulishwa sampuli imetumika wapi. Alikitia tiki, akakikoleza mara mbili. Mwaka wa nne huu, simu haijalia.

Mtoa Hoja: Nimehariri pale juu, dada. Badala ya takataka nimeweka "mabaki".

Kitindamimba: Mabaki!